Mgeni Tuliyemlisha Kwenye Mikoko

Mama yangu anaamini matembezi ni shughuli ya watu wasio na kazi. Akimwona mtu anakimbia kando ya bahari asubuhi, huuliza anakimbizwa na nani. Kwa hiyo siku alipotangaza kwamba Jumamosi tungekwenda "kutazama ndege na miti" kwenye njia moja ya pwani, nje kabisa ya mji, huko mbele ya Jebel Ali, nilijua papo hapo kwamba hakuna ndege wala mti. Kuna jambo.

"Ndege gani, mama?"

"Ndege," akasema. "Wenye mabawa."

Jambo lenyewe lilikuwa dada yangu. Dada anauza manukato kwenye duka moja Al Barsha, na ana mtu. Mtu huyo ni karani wa mizigo bandari ya Hamriya, kazi yake ni kuandikisha magodoro na mafriji yanayopakiwa kwenda Unguja. Alikuja dukani siku moja kununua manukato ya shangazi yake, akarudi kununua mengine, akarudi tena, mpaka ikafika mahali ambapo shangazi huyo ama anayaoga ama hajawahi kuyaona. Sisi nyumbani tulishaelewa. Baba alishaelewa, akajifanya hajaelewa, ambako ndiko kuelewa kwa akina baba.

Kikwazo kilikuwa kimoja tu, shangazi mwenyewe. Mama wa yule kijana alifariki mwanawe angali mdogo, na aliyemlea ni shangazi yake anayekaa Maskati. Kwao haitolewi posa mpaka shangazi amwone msichana kwa macho yake. Akiridhika, wazee wanakuja. Asiporidhika, khalas. Kijana alimwambia dada waziwazi kwamba hataoa kinyume cha mwanamke aliyemlea. Dada alilia kidogo jikoni usiku ule, halafu akasema na yeye asingemtaka mwanamume anayeweza kufanya hivyo. Nilimwambia hayo ni maneno ya mtu aliyekwisha. Akanirushia mwiko.

Sasa shangazi alikuwa Dubai kwa siku chache tu.

Hapa inabidi nieleze taratibu, maana bila hizo mtatuona wendawazimu. Mama anasema kwao Unguja mwanamke anayekuja kutazama mchumba hasemi kwamba anakuja kutazama mchumba. Anapita tu. Amepotea njia, au anaulizia nyumba ya jirani, au kiu imemshika, naomba maji. Anapewa kiti, anakaa, anapiga macho, anaondoka. Nyumba nzima inajua alichofuata na nyumba nzima inajifanya haijui. Hajitambulishi na haulizwi. Ukimuuliza umemvunjia heshima, na zaidi ya hapo umeonyesha kwamba una haraka ya kumtoa binti yako kama nyanya za jioni.

Lakini Unguja kuna nyumba zenye baraza. Sisi Bur Dubai tuna chumba na sebule, na nusu ya sebule tumempa binamu yake baba na mkewe, tukatenganisha kwa pazia la maua. Mgeni akija kutazama mchumba atatazama pazia. Tena nani anapotea njia hadi ghorofa ya sita? Ndipo akina mama wa pande zote mbili, kupitia kwa mtu aliyemwambia mtu, wakakubaliana: mama mmoja na mabinti zake wapo kwenye matembezi yao, mama mwingine yupo kwenye matembezi yake, ghafla wanakutana. Jamani, bahati gani hii!

"Tutamjuaje?" nikauliza.

"Mtu mzima," mama akasema. "Mnene wa kiasi. Abaya nyeusi, mkoba mkubwa."

"Mama, hiyo umenielezea Dubai nzima."

"Na anasema Kiswahili. Huko porini watakuwa wangapi?"

"Picha yake hatuna?"

"Picha! Tunamtafuta mgeni au mhalifu?"

Ndani ya teksi mama alitoa maagizo. Dada atembee taratibu, asicheke kwa sauti, akiulizwa ajibu kwa adabu, macho chini. Ningependa mumjue dada yangu ili mwelewe uzito wa maagizo hayo. Dada akicheka, mke wa binamu hugonga ukuta, na hapo kumbukeni hatuna ukuta, tuna pazia. Halafu mama akanigeukia mimi.

"Na wewe mdomo wako leo uufunge. Sijasema upunguze. Uufunge."

"Nikiulizwa kitu?"

"Sema ndiyo, au sema hapana."

"Nikiulizwa jina langu, niseme ndiyo au niseme hapana?"

Dada akacheka. Mama akafumba macho, nadhani alikuwa akiomba dua.

Sitawadanganya, mahali penyewe palikuwa pazuri kupita nilivyotaka pawe. Ulikuwa mwezi wa tatu, zile wiki chache tamu kabla joto halijaturudisha wote kwenye viyoyozi. Njia ilikuwa ya mbao, imejengwa juu ya maji, inajipinda kwenye mikoko halafu inatokeza wazi, bahari upande mmoja na kinamasi upande mwingine. Mikoko ilikuwa imetoa majani mapya ya kijani kibichi kabisa, na pale palipoinuka mchanga vilikuwa vimechanua viua vya njano vidogo vidogo, ambavyo kwa mji huu ni kama muujiza. Chini, maji yalikuwa yamekupwa. Kaa wadogo wenye gando moja kubwa na jingine dogo walikuwa wametoka mashimoni wakipunga lile kubwa kama wanasimamisha teksi. Mbali kidogo walisimama heroe, kundi zima, wa rangi ya waridi, kila mmoja kwa mguu mmoja, kama watu wanaosubiri lifti na hakuna anayetaka kuanza mazungumzo.

Watembezi wenzetu walikuwa wamevaa viatu vya mazoezi na kubeba vichupa vya maji. Sisi tulibeba hotpoti mbili, thermosi ya chai ya maziwa, vikombe, na kitambaa cha meza. Mwanamume mmoja mwenye darubini shingoni alitupisha njia, akaitazama hotpoti namna alivyokuwa akiwatazama ndege.

Hatukwenda mbali. Kwenye kona ya kwanza, chini ya kibanda cha kivuli, alikuwa amekaa mama mmoja. Mtu mzima, mnene wa kiasi, abaya nyeusi. Mkoba wake ungeweza kubeba mtoto. Alikuwa anaongea kwenye simu kwa Kiswahili.

"Nimefika, nimefika. Napunga upepo. Haya."

Mama akaweka sawa mtandio wake, akaweka sawa wa dada, akataka kuweka sawa na wangu lakini akaona hakuna matumaini. "Ndiye," akanong'ona.

"Asalaam alaykum," mama akaanza, kwa sauti ambayo hatuitumii nyumbani.

"Waalaykumu salaam! Lo! Waswahili! Karibuni, karibuni mwana, kaeni."

"Jamani, bahati gani hii!" mama akasema. Kwa kweli alilisema vizuri. Lazima alifanya mazoezi.

Tukamwamkia, akatuitikia, wakaulizana hali za nyumbani, za watoto, za joto na za afya, na hakuna aliyemuuliza mwenzake ni nani. Taratibu zikaenda kama zilivyopangwa. Mama akatandika kitambaa juu ya benchi. Zikafunguliwa sambusa, katlesi, vitumbua na mikate ya ufuta. Yule mama akafurahi kwa namna ya mtu ambaye alitoka nyumbani kupunga upepo na Mungu akamshushia karamu.

"Amepika binti yangu mkubwa," mama akasema kana kwamba neno limemtoka tu.

Hapana. Dada alikunja sambusa nne, mbili zikafumuka. Lakini nilikuwa nimefunga mdomo.

Dada alikuwa ameketi mwisho wa benchi, magoti pamoja, macho chini, anatazama mbao kama anazisoma. Akiulizwa, anajibu baada ya muda, kwa sauti ya redio inayoishiwa betri.

"Wafanya kazi wapi, mwanangu?"

"...Dukani."

"Duka la nini?"

"...Manukato."

Yule mama akamtazama, akala kitumbua, akamtazama tena. Halafu akamwinamia mama na kuuliza kwa huruma, "Huyu mwana yuwaumwa?"

Nikapaliwa na chai. Mama akanifinya.

"Haumwi. Ni aibu tu. Ndivyo alivyolelewa."

"Aa," yule mama akasema, na akamsogezea dada chai, kama mtu anayemsogezea mgonjwa.

Mimi nikaanza kumsikiliza mgeni wetu vizuri. Mtu asiyeruhusiwa kusema anapata nafasi kubwa ya kusikia, ni jambo ambalo sikulijua kabla ya siku ile. Na niliyoyasikia hayakuwa yanakaa sawa. Alisema binti yake amejifungua, anaishi Al Barsha, na yeye amekuja kumkanda baada ya uzazi. Alisema amechoka kufungiwa kwenye gorofa na mtoto anayelia, ndiyo mkwewe akamleta hapa apumue. Alisema lifti za huku zinamtia kizunguzungu, kwao Mombasa yeye anakaa chini.

Nikamvuta mama kando kwa kisingizio cha kumwonyesha kaa.

"Mama, huyu siye."

"Siye nani?"

"Siye shangazi. Huyu ni mtu wa Mombasa, amekuja kwa mjukuu wake."

Mama akanitazama kwa masikitiko. "Mwanangu, ulitaka aseme nini? Aseme ametoka Maskati kumtazama dada yako? Huyu anaficha. Ndiyo mila yenyewe."

"Hata lafudhi?"

"Hata lafudhi! Umeona alivyo mjuzi? Miye tangu nizaliwe sijaona mtazamaji hodari namna hii."

"Mama, wallahi..."

"Wewe juzi uliniambia mwalimu wako wa hesabu amejifungua mapacha. Nikanunua zawadi."

Hilo lilikuwa kweli. Mwalimu wangu wa hesabu ni mwanamume.

Tukarudi kwenye benchi. Mama sasa alikuwa na mori. Kila neno la mgeni alilifurahia kama mchezo. Mgeni akisema mjukuu wake ana uzito mzuri, mama anatabasamu na kunipigia jicho: unaona? Mgeni akisema mkwewe anatoka Lamu, mama anatikisa kichwa kwa kustaajabu: amepangilia mpaka mkwe! Akampa katlesi ya mwisho. Akampa vitumbua vilivyobaki. Mgeni akasema kwa aibu kwamba angependa kumpelekea mzazi sambusa mbili tatu, na mama akamfungia zote kwenye kitambaa cha karatasi kwa mikono miwili, kama anakabidhi mahari.

Simu ya mgeni ikalia, honi nayo ikasikika kutoka kwenye maegesho. Akainuka, akatushukuru sana, akatuombea kheri.

"Na mkija Mombasa msinipite. Mwana huyu mpeni supu ya kuku, damu imepungua."

Kisha akaenda zake. Tukamwona anaingia kwenye gari dogo jeupe. Kwenye kiti cha nyuma alikaa mwanamke kijana, na mwanamke huyo alimpokeza kitu kilichofungwa kwenye blanketi. Kitu hicho kikalia.

Mama akasimama, kifuniko cha hotpoti mkononi.

"Ana mjukuu kweli," akasema.

Wakati huohuo simu ya dada ikalia. Alikuwa yule karani, anapiga kwenye mapumziko ya chai. Dada alisikiliza, uso ukabadilika rangi kama heroe lakini kinyumenyume.

"Shangazi yake anauliza kama tumeahirisha," dada akasema. "Yuko kwenye mnara wa kutazamia ndege, mwisho wa njia. Amekaa tangu asubuhi. Anasema jua limemchosha na anataka kuondoka."

Sasa oneni hali yetu. Njia yote ilikuwa mbele yetu, inajipinda kwenye mikoko kama haina haja ya kufika. Hotpoti zilikuwa tupu. Mama ana goti bovu. Dada amevaa viatu vya kisigino alivyoazima kazini. Na mwanamke mmoja ambaye neno lake ndilo litaamua kama dada ataolewa na mtu anayemtaka alikuwa anafunga mkoba wake.

Mama akanishika mabega.

"Kimbia," akasema. "Mzungumzishe asiondoke. Sema chochote."

"Chochote?"

Nikaona anajuta kabla sijamaliza kuuliza, lakini hakuwa na mtu mwingine.

Nikakimbia. Njia ikapinda kulia. Ikapinda kushoto. Ikapinda tena kulia, ikanirudisha karibu nilikotoka. Aliyeijenga alitaka watu waone kila mkoko kwa jina lake. Kutoka pale nikauona mnara waziwazi, ng'ambo ya kinamasi, karibu kabisa, na juu yake abaya nyeusi inateremka ngazi. Maji yalikuwa yamekupwa. Katikati palionekana pakavu. Palikuwa na kibao kimeandikwa kwa Kiarabu na Kiingereza kwamba mtu asiteremke kwenye njia, na lugha zote mbili nazisoma vizuri sana shuleni.

Nikateremka.

Hatua za mwanzo zilikuwa nzuri. Kaa wakakimbilia mashimoni, kulastara mmoja akaruka kwa hasira akalalamika njia nzima. Halafu mguu mmoja ukaingia, nikauweka wa pili ili kuutoa wa kwanza, na wa pili ukaingia zaidi. Tope la mikoko halikuvuti kwa ghafla. Linakukaribisha. Likanifika magotini, likanifika mapajani, nikasimama pale kama mkoko mpya uliopandwa na serikali.

Abaya nyeusi ilikuwa imefika chini ya ngazi. Ikasimama kwenye ukingo wa mbao, umbali wa kutupiana maneno. Mtu mzima. Mnene wa kiasi. Mkoba mkubwa.

Nilikuwa nimetumwa nizungumze.

"Shikamoo!" nikapaza sauti.

"Marahaba," akasema. "Umezama?"

"Kidogo."

"Unatafuta nini humo?"

"Natazama kaa."

"Umewaona?"

"Kwa karibu sana."

Akaweka mkoba chini. Mgeni niliyetumwa kumzuia asiondoke hakuweza tena kuondoka hata angetaka, maana nani anamwacha mtoto wa watu kwenye tope? Mpaka leo mama hajanipa sifa zangu kwa hilo.

Ndipo nikamsikia dada. Alikuwa ameifuata njia, amefika pale niliposhukia, na amenitambua kwa kichwa.

"Mjinga weye!" akapiga kelele, na heroe wote wakainua vichwa. "Mjinga wa wajinga! Ulitumwa ufike, hukutumwa uote!"

Akavua viatu vya watu, akavirusha kwenye mbao, akaikusanya abaya yake akaifunga kiunoni juu ya suruali ya jinzi, akateremka. Alikuja kama kifaru. Kila akizama anatukana, kila akichomoka anacheka, na aliponifikia akaanguka kwa makalio, pwaa, tope likamrukia mpaka usoni. Akanitazama. Nikamtazama. Tukaangua kicheko ambacho nadhani kilisikika Sharjah. Dada akicheka hivyo hawezi kusimama, na mimi sikuweza kukaa, kwa hiyo tulibaki pale, mmoja amekaa, mmoja amesimama, tunalia machozi.

"Msivutane mikono!" sauti ikatoka kwenye mbao. "Mdogo alale kwa kifua juu ya tope! Mguu mmoja kwanza! Uzungushe!"

Tukanyamaza ghafla. Dada akageuka polepole. Sikuwa nimemwambia ni nani yule. Haikuhitajika. Nikauona uso wake, chini ya tope, unatambua.

"Ndiye?" akanong'ona bila kufungua mdomo.

"Ndiyo," nikasema, kwa kuwa niliagizwa nijibu ndiyo au hapana.

Tulitoka kwa kutambaa, kwa amri kutoka juu: huyu hivi, yule vile, kiatu kiacheni, kiatu si mguu. Tulipofika kwenye ukingo yule mama akatushika makwapani mmoja mmoja na kutupandisha, na ilionyesha kwamba si mara yake ya kwanza kumtoa mtu kwenye kinamasi. Alama za tope za mikono yetu zilibaki kwenye mikono ya abaya yake.

Mama alifika wakati huo, anachechemea, hotpoti mkono huu, thermosi mkono ule. Akawaona mabinti zake. Akamwona mgeni. Akakaa kwenye mbao palepale.

"Mimi napita tu," yule mama akamwambia, akipangusa mikono. "Natazama ndege."

"Na sisi tunapita tu," mama akasema kwa sauti ndogo.

Karibu na mnara palikuwa na bomba la kunawia miguu. Tukaenda hapo. Mama alianza kumkonyeza dada: macho chini, sauti chini, bado kuna nafasi. Nikamwona dada anayapokea maagizo. Akanyoosha mgongo. Akaishusha abaya, ikaanguka na kilo ya tope. Kwa mara ya kwanza siku ile niliogopa, kwa sababu ile sura ya mgonjwa ilikuwa inarudi.

Yule mama alikaa kwenye benchi mbele yetu.

"Wewe mkubwa," akasema. "Kile kicheko cha kule ndani. Unacheka hivyo hata nyumbani?"

Mama alitikisa kichwa mara moja, kidogo: sema hapana. Dada akamtazama mama, akatazama miguu yake, akatazama mahali fulani upande wa bandari, ambako kwa hakika hakuonekani kutoka kule.

"Ndiyo," akasema, kwa sauti yake mwenyewe. "Kila siku. Jirani hugonga ukuta."

"Pazia," nikasema.

"Nyamaza wewe."

Yule mama alifungua mkoba, akatoa leso, akaifuta miwani yake, akaivaa, akamtazama dada kuanzia juu mpaka chini bila kujificha hata kidogo. Wakati huo maji ya bomba yalikuwa yakiteremka kwenye miguu yangu yana rangi ya chai.

"Nyumbani kwangu," hatimaye akasema, kama mtu anayezungumzia ndege, "nimelea kijana. Mzuri, hana lawama. Lakini hasemi. Ukimpikia ukamuuliza chakula kikoje, anaitazama sahani. Miaka yote nimesema peke yangu kwenye ile nyumba kama redio. Nikawa najiambia, siku akioa atatuletea mwingine wa namna yake, watakaa kwenye kochi wawili, hawasemi, na mimi nikija kuwatembelea nitakufa."

Mama akaivuta hotpoti karibu na miguu yake.

"Humo mna nini?" yule mama akauliza, akaonyesha hotpoti.

"Hamna kitu," nikasema, kwa kuwa mama hakuweza. "Chakula chako kimeliwa na mama mmoja wa Mombasa. Tulidhani ni wewe. Mama alisema anajificha vizuri sana."

"Ewe Mola," mama akasema, akajifunika uso na mtandio.

"Mmelisha mtu mwingine?"

"Na tumemfungia."

"Akamwona na dada yako?"

"Alimwona. Akasema apewe supu ya kuku."

Yule mama aliinama mbele, mabega yakaanza kutikisika, nikadhani tumemkosea sana. Kumbe anacheka. Alicheka bila sauti kwanza, halafu kwa sauti, halafu akaivua miwani, akaushika mkono wa mama kuzuia asianguke, na mama, ambaye alikuwa amekaa kama aliyefiwa, naye akashikwa na kicheko. Yule mwanamume wa darubini alipita, akatazama ndege wote wameruka, akatutazama sisi, akarudi alikotoka.

Thermosi ilikuwa na chai kidogo chini. Mama akammiminia yote. Shangazi akanywa taratibu mpaka mwisho, akamrudishia kikombe kwa mikono miwili, akajiweka sawa. Uso wake ukawa wa mtu anayepita tu.

"Enhe, bibi," akamwambia mama. "Kwenu wanaume hupatikana nyumbani siku gani?"

Mama alikamata kikombe kile kama kinaweza kuruka. Nikaona anatafuta sauti yake ya mazoezi, ile aliyokuja nayo, akaikosa.

"Ijumaa," akasema. "Baada ya sala. Wote wapo. Watakuwepo wote."

Dada alikuwa amechuchumaa kwenye bomba ananinawisha, kwa sababu mimi nikijinawa mwenyewe, alisema, ningerudi na nusu ya pwani. Hakugeuka. Alikuwa amefika kwenye mguu wangu wa kulia, ambao ulikuwa umeshatakata zamani, akaendelea kuusugua, akaendelea, mpaka nikaona nimwache tu.